Cara Black na tenisi ya wawili: maswali ninayoulizwa kila wiki hapa Tanga

Kila Jumamosi saa kumi jioni, jua likishalegea, nafundisha tenisi wasichana kumi na wanne kwenye uwanja mmoja wa saruji upande wa Raskazone. Raketi tunazo sita. Kwa hesabu hiyo huna hiari: lazima wacheze wawili wawili, la sivyo wengine watashinda wamekaa ukutani mpaka magharibi. Ndivyo nilivyoanza kuwasimulia habari za Cara Black wa Zimbabwe, ambaye mimi namweka juu kabisa ya wote niliowahi kuwatazama wakicheza mchezo huu wa wawili. Wasichana wakayapeleka masimulizi nyumbani Ngamiani na Makorora, wazazi wakaja na maswali yao, na sasa naulizwa mpaka nikiwa kwenye foleni ya samaki. Nimeyaweka maswali yote pamoja hapa, na majibu yangu.

Cara Black ni nani?

Ni mchezaji wa zamani wa tenisi ya kulipwa kutoka Zimbabwe. Alizaliwa tarehe 17 Februari 1979 mjini Harare, ambao siku hizo uliitwa Salisbury. Aliingia kwenye mashindano ya kulipwa mwaka 1998. Katika ziara ya wanawake, yaani WTA, alichukua mataji 60 ya wawili wawili. Katika yale mashindano makubwa manne ya dunia, ambayo ni Australia, Roland Garros ya Ufaransa, Wimbledon ya Uingereza na yale ya wazi ya Marekani, ana makombe kumi: matano akicheza na mwanamke mwenzake, matano ya mchanganyiko, akicheza na mwanamume. Alifika namba moja duniani kwa wachezaji wa wawili Oktoba 2005, na ukijumlisha vipindi vyote alivyokaa kileleni unapata wiki 163.

Wiki 163 ni zaidi ya miaka mitatu. Huwa nawaambia wasichana wahesabu kwa kalenda ya ukutani.

Mbona hatujawahi kumsikia?

Hili linaniuma kila nikiulizwa. Televisheni inayofika kwetu huonyesha fainali ya mmoja mmoja, mshindi akiinua kombe wanafunga, tunarudishiwa mpira wa miguu. Fainali ya wawili huchezwa siku nyingine, au saa ambayo watu wameshaondoka jukwaani. Magazeti nayo huiweka kwa mstari mmoja chini ya ukurasa, kama wanaiweka. Mtu anaweza kuwa namba moja wa dunia, Mwafrika, kutoka nchi ambayo basi likitoka Dar es Salaam linapita Zambia tu na kufika, na bado mji mzima wa Tanga usijue jina lake.

Serena Williams wa Marekani tunamjua. Na tumjue, anastahili. Lakini huyu naye alikuwa wetu na alitupita kimya.

Tenisi ya wawili si ya wale walioshindwa kucheza peke yao?

Swali hili aliniuliza baba mmoja wa Barabara ya 13, kwa adabu kabisa, akiwa ameshika baiskeli yake getini. Nilimjibu kwa kirefu na nitafanya hivyohivyo hapa, maana ndilo swali lililonifanya niandike.

Kwanza, Cara hakushindwa peke yake. Akiwa binti wa miaka 18, mwaka 1997, alikuwa bingwa wa vijana wa Wimbledon kwa wasichana, mmoja mmoja, na mwaka huohuo akachukua pia taji la vijana la Marekani. Mwaka 1999 alifika nafasi ya 31 duniani kwa mmoja mmoja. Mwaka 2001 alifika raundi ya nne Roland Garros, na mwaka 2002 akashinda taji lake la WTA la mmoja mmoja huko Hawaii. Mchezaji anayeshika nafasi ya 31 katika dunia nzima hajashindwa tenisi.

Pili, mchezo wenyewe ni mwingine. Uwanja wa mmoja mmoja una upana wa mita 8.23. Wakiingia wanne, mistari ya pembeni inaanza kutumika, kila upande unaongezeka mita 1.37, na upana unakuwa mita 10.97. Urefu haubadiliki, mita 23.77. Kwa hiyo pembe zinafunguka zaidi, lakini katikati pamejaa watu. Mpira unakwenda na kurudi karibu na neti kwa kasi ambayo haikupi nafasi ya kufikiri, na nusu ya kazi unaifanya wakati mpira hauko kwako: kusogea, kuziba, kumtisha mpinzani kwa kule kusimama kwako tu.

Mwenye kujua kutwanga atanielewa. Wanawake wawili wakishika kinu kimoja, mchi huu ukipanda ule unashuka. Hakuna anayehesabu wala kusema "sasa wewe". Mmoja akichelewa kidogo tu michi inagongana, na mikono inauma mpaka begani. Mama yangu na jirani yake walitwanga hivyo mahindi ya Pongwe huku wanasimulizana habari za harusi, na sikuwahi kusikia michi ikigongana. Cara Black na mwenzake wakiwa karibu na neti walikuwa hivyo. Huyu akienda kulia, yule ameshahama kuziba pengo kabla hujaona pengo. Ufundi wa namna hiyo hauji kwa mtu aliyekosa pa kwenda.

Picha inaonyesha Mzungu. Mbona mwalimu unasema ni Mwafrika?

Ni Mzungu wa Zimbabwe, na wasichana wana haki ya kuuliza. Alizaliwa Zimbabwe, akakulia Zimbabwe, na kombe lolote aliloinua, pembeni ya jina lake iliandikwa Zimbabwe. Mwenzake mkubwa, Liezel Huber, ambaye ni mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini, alichukua uraia wa Marekani mwaka 2007 na kuanzia hapo akaichezea Marekani. Simlaumu, kila mtu na maisha yake. Cara yeye alibaki na bendera yake, hata miaka ile ambayo habari za Zimbabwe zilizokuwa zikisikika duniani ni za njaa na pesa iliyopoteza thamani.

Ila siwafichi watoto upande wa pili. Rhodesia, ndilo jina la zamani la Zimbabwe, ilikuwa nchi ya Wazungu wachache waliojigawia ardhi nzuri, na uhuru ulipokuja mwaka 1980 Cara alikuwa na mwaka mmoja. Viwanja vya tenisi havikujengwa kwa ajili ya mtoto mweusi. Hapa Tanga ni hivyohivyo. Mjomba wangu alijifunza mchezo huu akiwa mwokota mipira kwenye shamba la mkonge, kwa kuwatazama mabwana, na raketi ya kwanza aliyoishika mkononi ilikuwa imekatika nyuzi tatu. Mimi nimefundishwa na yeye. Naweza kuipenda kazi ya Cara na kukumbuka hayo kwa wakati mmoja.

Alijifunzia wapi?

Nyumbani. Baba yake, Don Black, alikuwa mchezaji aliyewahi kufika Wimbledon, na alitengeneza viwanja vya nyasi nyumbani kwao, kwenye shamba lao nje ya Harare. Watoto watatu walianzia hapo: Byron, Wayne na Cara kitinda mimba. Byron alifika namba moja duniani kwa wawili mwaka 1994 na mwaka huohuo akashinda Roland Garros pamoja na Jonathan Stark wa Marekani. Wayne alichukua taji la Marekani mwaka 2001 na la Australia mwaka 2005, yote akiwa na Mzimbabwe mwenzake Kevin Ullyett.

Tafakari msichana anayekua kati ya kaka wawili wa aina hiyo. Nyasi hufanya mpira udunde chini na uteleze, kwa hiyo ukisubiri nyuma unachelewa. Lazima usogee mbele, upinde magoti, uupige kabla haujadunda, yaani voli. Ukitazama makombe yake matano ya wanawake utakuta matatu ni ya Wimbledon, kwenye nyasi. Sioni ajabu.

Ni kweli alishinda akicheza na kaka yake?

Kweli, mara mbili. Mwaka 2002 Cara na Wayne walichukua mchanganyiko wa Roland Garros kwa kuwafunga Elena Bovina na Mark Knowles 6-3, 6-3, yaani seti mbili, kila seti gemu sita kwa tatu (gemu ni fungu la pointi, na seti ni fungu la gemu). Mwaka 2004 wakachukua Wimbledon, na ile ilikuwa ngumu: walipoteza seti ya kwanza 3-6 mbele ya Alicia Molik na Todd Woodbridge, Waaustralia, wakaipata ya pili kwa 7-6, wakamaliza 6-4. Woodbridge huyo alikuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa kabisa wa wawili kwa wanaume, mtu aliyejua kila kona ya nyasi zile.

Nina wasichana wawili uwanjani ambao ni ndugu, mtu na mdogo wake. Wakipangwa pamoja hugombana kuliko wengine wote, na wakikubaliana hakuna anayewafunga.

Liezel Huber ni nani, na kwa nini kila ukimtaja Cara unamtaja yeye?

Kwa sababu makombe manne kati ya matano ya wanawake waliyachukua wote wawili. Historia yao ni tamu, naomba niisimulie kwa mpangilio.

Mwaka 2004, fainali ya Wimbledon, walikuwa maadui. Cara alicheza na Rennae Stubbs wa Australia, Huber na Ai Sugiyama wa Japani. Cara na Stubbs wakashinda 6-3, 7-6. Mwaka mmoja baadaye, uwanja uleule, Cara na Huber wamesimama upande mmoja wa neti, na safari hii waliwashinda Svetlana Kuznetsova na Amélie Mauresmo 6-2, 6-1. Fikiria kwamba Kuznetsova alikuwa tayari bingwa wa Marekani wa mmoja mmoja, na Mauresmo alikuwa ameshawahi kuwa namba moja duniani. Wanawake wawili wenye nguvu kuliko wao kila mmoja akichukuliwa peke yake, na wakapata gemu tatu tu. Wasichana wangu nikiwasimulia hapo huwa kimya.

Mwaka 2006 Cara alirudi kwa Stubbs. Mwaka 2007 wakarudiana na Huber, na ndipo moto ulipowaka: Australia mwezi Januari, Wimbledon mwezi Julai baada ya kupoteza seti ya kwanza 3-6 kwa Katarina Srebotnik na Sugiyama, kisha taji la kufungia mwaka huko Madrid. Mwaka 2008 wakachukua Marekani kwa kuwafunga Lisa Raymond na Samantha Stosur 6-3, 7-6, na tena taji la kufungia mwaka, safari hii Doha.

Na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Katika wiki hizohizo za Marekani mwaka 2008, Cara alifika pia fainali ya mchanganyiko, akiwa na Leander Paes wa India. Ng'ambo ya neti alisimama nani? Huber, na Jamie Murray wa Uingereza. Mwanamke anayejua kila tabia yako, anayejua unapenda kukatiza upande gani na unaogopa mpira upi, ndiye mpinzani wako wa fainali, na kwenye fainali nyingine ya mashindano hayohayo ni mwenzako. Cara na Paes walishinda 7-6, 6-4. Na Cara na Huber wakashinda yao.

Waliachana?

Ndiyo, Aprili 2010. Huber aliendelea na wenzake wengine, Cara naye vilevile.

Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, hao si marafiki basi." Nilimwambia, mama, kucheza wawili kuna siku zake. Watu wawili husafiri pamoja miezi kumi kwa mwaka, wanakula pamoja, wanashindwa pamoja. Ikifika siku miguu haiendi pamoja, kuachana kwa heshima ni bora kuliko kuvutana hadharani. Niliwahi kuwaacha wasichana wawili waendelee kucheza pamoja wakati nilishaona hawaangaliani usoni, kwa kuwa mashindano ya shule yalikuwa karibu na nilitaka kikombe. Hatukupata kikombe, na mmoja wao hajarudi uwanjani mpaka leo. Kosa lile ni langu.

Aliwahi kukutana na Serena?

Alikutana naye na alifungwa. Fainali ya Marekani mwaka 2009, Serena na dada yake Venus waliwashinda Cara na Huber 6-2, 6-2. Miezi minne baadaye, fainali ya Australia mwaka 2010, wakawashinda tena, 6-4, 6-3. Ndugu wale walikuwa na sevisi, yaani pigo la kuanzisha pointi, ambayo haikumpa mtu nafasi ya kuanza hila zake. Ufundi wa neti unahitaji kwanza uweze kuugusa mpira.

Wasichana wengi wanapenda sehemu hii kuliko nilivyotarajia. Wanasema inawaonyesha kwamba Cara alikuwa mtu kweli.

Kuna kombe lolote alilolikosa?

Roland Garros ya wanawake wawili. Alifika fainali mwaka 2005 na Huber, wakashinda seti ya kwanza, wakapoteza mbili zilizofuata kwa Virginia Ruano Pascual wa Uhispania na Paola Suárez wa Argentina. Katika mchanganyiko hana deni: Ufaransa mwaka 2002, Wimbledon 2004 na 2010, Marekani 2008, Australia 2010. Yote manne anayo.

Huyo Paes alikuwa nani?

Mhindi wa Kolkata, mtu mwenye mikono myepesi kupita kiasi. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka karibu na soko la Ngamiani alimfuatilia maisha yake yote, na nilipomwambia kwamba mwenzake alikuwa Mzimbabwe alinifungulia soda bila kuchukua pesa. Paes na Cara walifika fainali mbili za mchanganyiko mwaka 2009, Wimbledon na Marekani, wakashindwa zote mbili. Mwaka uliofuata wakashinda Australia, kisha Wimbledon.

Alipozaa aliacha kucheza?

Hili huulizwa na mama zao, kwa sauti ya chini, wasichana wakiwa mbali kidogo.

Cara aliolewa na Mwaustralia, na mwaka 2012 akajifungua mtoto wa kiume. Alirudi uwanjani. Mwaka 2013 alishinda mataji ya Tokyo na Beijing pamoja na Sania Mirza wa India. Mwaka 2014 wakashinda Ureno, wakashinda Tokyo tena, na Oktoba wakaenda Singapore kwenye mashindano ya kufungia mwaka, yanayochukua timu bora peke yake. Fainali waliwakuta Hsieh Su-wei na Peng Shuai, mabingwa watetezi. Matokeo: 6-1, 6-0.

Cara alikuwa na miaka 35, mama wa mtoto wa miaka miwili. Gemu moja tu ndiyo waliyowaachia mabingwa.

Sania Mirza aliendelea, mwaka uliofuata akashinda Wimbledon na Martina Hingis na kuwa namba moja. Mimi huwa nasema miezi ile aliyokaa na Cara ilimfundisha mengi pale mbele ya neti. Hayo ni maoni yangu.

Kwa hiyo, mama, jibu langu ni kwamba mwili wa mwanamke aliyezaa unarudi, ukipewa muda na msaada wa watu wa nyumbani. Na mchezo wa wawili unamvumilia zaidi, kwa sababu nusu ya uwanja ni ya mwenzako.

Alikuwa mrefu?

Hapana. Hakufika sentimita 170. Karibu na neti, ambayo katikati ina kimo cha sentimita 91.4, mtu mfupi mwenye macho ya haraka humshinda mrefu anayesinzia. Neti pembeni kwenye nguzo hupanda hadi mita 1.07, ndiyo maana mipira mingi ya hatari hupita katikati.

Namba moja wa wawili huhesabiwaje, kama mtu anabadilisha mwenzake?

Pointi ni za mtu mmoja mmoja. Ukishinda na huyu leo na yule kesho, pointi zote zinaingia kwenye jina lako. Ndiyo sababu watu wawili wanaocheza pamoja mwaka mzima wanaweza kuwa namba moja kwa pamoja, kama walivyokuwa Cara na Huber.

Binti yangu anavaa hijabu. Atacheza?

Anacheza sasa hivi, njoo Jumamosi umwone. Na kwa anayetaka mfano wa mbali: mwaka 2022, msichana wa Iran aitwaye Meshkatolzahra Safi alishinda mechi katika mashindano ya vijana ya Australia akiwa amevaa hijabu yake, na akawa msichana wa kwanza wa Iran kushinda mechi ya vijana katika yale mashindano makubwa manne. Tunachoomba ni kitambaa kisichoteleza, kifungwe vizuri nyuma, na suruali nyepesi. Joto la Tanga mwezi wa pili halina huruma kwa nguo nzito, awe na hijabu au asiwe nayo.

Shuleni kwetu kuna sakafu ya saruji. Tunachoraje uwanja wa wawili?

Vipimo nimeshavitaja: urefu mita 23.77, upana mita 10.97. Mistari ya sevisi iko mita 6.40 kutoka kwenye neti kila upande. Mistari ya pembeni ya mmoja mmoja iingie ndani mita 1.37. Tumieni kamba ya mkonge iliyovutwa vizuri na chokaa nzito. Ikinyesha mvua ya vuli mtarudia, hakuna njia. Acheni nafasi nyuma ya mstari wa mwisho, mita tano au zaidi, kwani mtoto anayerudi nyuma kufuata mpira wa juu haangalii ukuta. Neti ya kuvulia iliyochakaa inafaa kabisa kuanzia. Ya kwetu imetoka Deep Sea, kwa mvuvi ambaye hakutaka malipo, na bado ina harufu.

Tukitaka watoto wacheze kama Cara, tuanze na nini?

Tuanze bila mpira. Nawapanga wawili wasimame katikati ya neti na mstari wa sevisi, kila mmoja ashike ncha ya kamba ya mkonge ya mita tatu na nusu. Washike tu kwa mkono, wasijifunge kiunoni, wataanguka. Mimi natembea ng'ambo ya neti kutoka pembe hii hadi ile, na wao wanifuate pamoja: nikienda kulia kwao, wote kulia, nikirudi, wote warudi. Kamba isiguse chini na isivutike ikamkwanyua mwenzako. Wiki ya kwanza huwa ni kelele tupu, kila mmoja anamwamuru mwenzake. Wiki ya tatu kelele zinapungua. Karibu na wiki ya sita kamba inakaa yenyewe, na hapo ndipo ninapotoa mipira.

Kisha naongeza jambo moja ambalo Cara alilifanya mpaka wapinzani wakachanganyikiwa: wa mbele ya neti akatize katikati kuuchukua mpira ambao ulikuwa unamwendea mwenzake, na mwenzake wa nyuma ahame upande bila kuambiwa. Msichana mwoga huondoka akiwa amechelewa, na mwenye pupa huondoka mapema, mpinzani akaupitisha mpira mahali alipopaacha. Wakati wake ni pale mpinzani anapotazama mpira ili aupige, macho yake yakiwa hayako kwako. Hapo kimbia.

Jumamosi iliyopita wawili kati yao, mmoja wa Makorora na mmoja wa Chuda, walifanya hivyo mara nne mfululizo bila kusema neno. Adhana ya magharibi ikaanza, nikawaambia wakusanye mipira, wakaniomba pointi moja zaidi.